Shajara ya Mradi: Kuchagua Kipimo cha Selimundu kwa Watoto Wachanga, Kisumu, Januari hadi Juni 2025

Jumanne, 14 Januari

Swali tulilokabidhiwa lilikuwa fupi kuliko barua iliyolibeba: ikiwa zahanati zetu zitaanza kuwapima watoto wachanga selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, zinunuliwe kipimo gani? Wanaouliza wana fedha kidogo, wana wauzaji wawili wanaobisha hodi kila wiki, na wanataka jibu kabla makadirio ya bajeti hayajafungwa. Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari na kuacha nafasi chini yake, kwa kuwa nimeona mara nyingi kwamba katika tathmini ya teknolojia za afya swali hubadilika kabla jibu halijapatikana.

Tuko wanne. Mimi nashughulikia uchumi wa afya. Yupo kijana wa takwimu ambaye anaijua lahajedwali kuliko ninavyoijua mimi. Yupo afisa wa maabara. Na yupo sista anayesimamia kliniki ya mama na mtoto katika zahanati moja ya upande wa Nyando. Nilisisitiza sista awemo tangu siku ya kwanza. Modeli nyingi nilizowahi kupitia zimeundwa na watu ambao hawajapata kuona foleni ya kina mama Jumatatu asubuhi, na jambo hilo huonekana katika hesabu zao.

Kwa nini ugonjwa huu, na kwa nini hapa? Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akakuta kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Malaria ya ziwani ndiyo iliyoitunza jeni hii miongoni mwetu kizazi baada ya kizazi: aliyerithi moja akasalimika utotoni, na aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, akawa mgonjwa. Katika sehemu za Afrika ambako watoto hao hawatambuliwi mapema, makadirio yanayotajwa zaidi yanasema kwamba kati ya asilimia 50 na 90 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao bila ugonjwa wao kupewa jina.

Alhamisi, 16 Januari

Tumekubaliana njia mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni kumchoma mtoto kisigino wodini mara anapozaliwa, kukausha matone ya damu kwenye karatasi maalumu, na kuipeleka karatasi hiyo kwenye maabara kubwa yenye mtambo wa kutenganisha aina za himoglobini, yaani protini nyekundu ya damu. Ya pili ni kumpima kwa kijiti cha papo kwa papo anapoletwa kwa chanjo za wiki ya sita, mama akapewa jibu kabla hajaondoka. Afisa wa maabara ameomba iandikwe wazi kwamba kile kipimo cha kale cha kuichanganya damu na dawa kwenye chupa na kutazama kama itageuka mawingu hakimo katika shindano hili. Mtoto mchanga bado ana himoglobini nyingi ya tumboni, ile yenye selimundu ni kidogo, na kipimo hicho humwambia mama kwamba mtoto wake ni mzima ilhali sivyo. Bado kuna mahali kinatumika kwa watoto wachanga, alisema, kisha akanyamaza.

Kwa kuanzia tumetumia kanuni ya Hardy na Weinberg ya kukadiria mgawanyo wa jeni katika jamii, ambayo mwanafunzi yeyote wa biolojia anaikumbuka. Tukidhani kwamba jeni moja kati ya kila kumi katika jamii ni ya selimundu, basi kwa watoto 10,000 tutarajie 8,100 wasio nayo kabisa, 1,800 wanaobeba moja, na 100 wagonjwa. Hiyo ni dhana, na imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye lahajedwali ili asiwepo wa kuja kuinukuu kama takwimu ya Kisumu. Jirani zetu wa Uganda walipima sampuli 97,631 za watoto katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wakapata asilimia 13.3 wanaobeba jeni moja na asilimia 0.7 wagonjwa, huku tofauti kati ya wilaya na wilaya ikiwa kubwa. Nasi tusitegemee nambari moja kwa kaunti nzima. Watoto wa Seme na watoto wa Muhoroni, ambako mashamba ya miwa yamekusanya familia za ziwani na za milimani pamoja, hawana sababu ya kufanana.

Jumatatu, 27 Januari

Pikipiki ya sampuli haikuja leo.

Naeleza. Utafiti wa Uganda ulikuwa nafuu kwa sababu ulitumia karatasi za damu zilizokwisha kukusanywa kwa ajili ya kuwapima virusi vya UKIMWI watoto wa kina mama walioambukizwa. Nasi tulipanga hivyo hivyo: karatasi zetu zipande gari lililokwisha kulipiwa. Katika modeli, gharama ya kusafirisha sampuli kwa njia ya kwanza ilikuwa shilingi sifuri. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na katika zahanati ya sista, anayebeba sampuli alikuwa akilipwa kutoka mfuko wa aina hiyo.

Ile sifuri haikuwa gharama. Ilikuwa fadhila ya mtu mwingine, nasi tuliiandika kana kwamba ni sifa ya kipimo. Tumeifuta, tukaweka nauli halisi ya bodaboda na matatu hadi mjini, na njia ya kwanza imeanza kuonekana ghali. Kijana wa takwimu alipendekeza tuache safu mbili, moja ya hali ya kawaida na nyingine ya hali ya sasa. Nimekataa. Mtu atakayesoma ripoti ataichagua safu inayompendeza.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeshinda zahanatini tangu saa mbili asubuhi. Nilitaka kuona kile kipimo cha papo kwa papo kikifanya kazi mahali kitakapofanyia kazi, na wala si juu ya meza ya muuzaji.

Sista alimshika mtoto mguu, akausugua kisigino kwa kiganja mpaka kikapata joto, akachoma upande wa nje, akafuta tone la kwanza na kulichukua la pili. Maelekezo yanasema kijiti kisomwe baada ya dakika kumi. Katika dakika hizo kumi sista alipima uzito wa watoto watatu, akachanja wawili, akatoka kumjibu mlinzi, na aliporudi saa ya simu ilikuwa imeshalia na kunyamaza. Mstari mmoja ulikuwa umekoza. Wa pili ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Alikipeleka kijiti dirishani, akakigeuza huku na huku, kisha akanipa mimi. Niliona mstari. Mwenzake, ambaye tulimwita atoe shauri, hakuona. Mama wa mtoto alikuwa akitutazama sisi watatu kwa zamu.

"Sista, mbona mnakiangalia sana?" akauliza.

"Tunataka kuwa na hakika, mama. Tutampima tena."

Kipimo cha pili kilikuwa wazi: mtoto anabeba jeni moja, si mgonjwa. Katika modeli tumeongeza mambo mawili ambayo hayakuwemo asubuhi, yaani vijiti vinavyorudiwa na muda wa mtu wa kuvisoma. Muuzaji aliandika kwamba kipimo hiki hakihitaji mtaalamu. Ni kweli, lakini kinahitaji mtu asiyeitwa mlangoni.

Jambo la tatu sista alilisema wakati wa chai. Kipimo hiki hakitoi jibu la wagonjwa pekee. Kwa dhana zetu, kwa kila watoto 10,000 kitawataja wengine 1,800 wanaobeba jeni moja na ambao hawahitaji matibabu yoyote, na kila mama kati ya hao atataka kuelezwa. Dakika kumi kwa kila mmoja ni saa 300 za muuguzi. Zaidi ya hayo, jibu la mtoto ni habari ya baba na mama. "Nikimwambia mama kwamba mtoto amerithi kwa wazazi wote wawili," alisema, "akifika nyumbani baba atasema kwao hakuna ugonjwa huo, na mama mkwe atauliza mtoto ni wa nani." Hakuna safu ya lahajedwali inayoweza kulibeba hilo. Tumelipa sura yake katika ripoti, mbele ya sura ya gharama.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya hesabu, nayo ni hesabu ambayo ningependa kila mnunuzi wa vipimo aifanye kwa mkono wake.

Kipimo hupewa sifa mbili: uwezo wa kumtambua mwenye ugonjwa, na uwezo wa kutomsingizia asiye nao. Chukua kipimo kinachotambua wagonjwa 98 kati ya 100, na kinachomsingizia mtu mmoja tu kati ya wazima 100. Ukikisikia hivi utadhani ni kipimo cha kuaminiwa kabisa. Sasa kipeleke kwa watoto wetu 10,000. Wagonjwa ni 100, nacho kitawakamata 98. Wazima ni 9,900, nacho kitawasingizia 99. Kina mama 197 wataambiwa kwamba watoto wao ni wagonjwa, na nusu yao watakuwa wameambiwa jambo lisilo kweli. Ukikipata kipimo kinachosingizia mmoja kati ya 1,000, waliosingiziwa watashuka hadi kumi, na kwa kila kina mama kumi watakaopewa habari hiyo tisa watakuwa wameambiwa ukweli. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni chini ya asilimia moja kwenye kikaratasi cha muuzaji.

Afisa wa maabara alisema ndiyo sababu hakuna mahali pa maana wanapoanza matibabu ya maisha kwa kipimo kimoja; lazima jibu la kwanza lithibitishwe na mtambo. Hapo ndipo swali letu la Januari lilipoanza kulegea. Tulikuwa tumeyapanga maabara na kijiti kama mahasimu, kumbe yanafuatana: kijiti kwa watoto wote 10,000, na maabara kwa wale mia moja au mia mbili tu waliotiliwa shaka. Sampuli mia mbili kwa mwaka hazihitaji mtandao wa pikipiki wa mfadhili. Zinaingia katika bahasha moja kwa wiki.

Alhamisi, 13 Machi

Leo tumelichora tawi la mwisho la mti wa maamuzi, yaani mchoro wa kila njia na matokeo yake; ni lile tawi la baada ya jibu, na nimekuwa na siku mbaya.

Mtoto akishatambuliwa bado hajafaidika kwa lolote. Anafaidika akifika kliniki ya selimundu, akaanza pensilini, akaendelea nayo. Ushahidi wa pensilini ni imara: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1986 lilisimamishwa miezi minane kabla ya wakati wake kwa sababu kundi lililopewa dawa lilikuwa na upungufu wa asilimia 84 wa maambukizi ya bakteria wa nimonia. Sisi tumeishusha faida hiyo katika modeli, kwa kuwa tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya wanapata chanjo dhidi ya bakteria hao, nao si wengi kama walivyokuwa. Lakini pensilini hunywewa mara mbili kwa siku kuanzia karibu na mwezi wa pili hadi mwaka wa tano, yaani dozi zaidi ya 3,500 kwa mtoto mmoja, na ile ya maji ikishachanganywa hutaka jokofu.

Kwa hiyo nilitaka kujua ni wangapi hufika kliniki. Tulifungua madaftari ya rufaa ya miaka iliyopita katika zahanati kadhaa. Safu ya aliyetumwa ipo, safu ya alikotumwa ipo, safu ya kama alifika haipo. Kwenye nafasi ya maoni kuna nambari za simu za kina mama, nyingine zikiwa na tarakimu tisa badala ya kumi, nyingine ni za jirani. Tulipiga chache. Mzee mmoja alitujibu kwa upole kwamba huyo mama alihamia Migori na simu akamwachia yeye.

Tukageukia waliotutangulia. Mpango wa Luanda, Angola, ulipima watoto 36,453 kwa karatasi za damu na kuripoti matokeo mwaka 2013. Wagonjwa waliopatikana na kuletwa kliniki walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Maabara ilifanya kazi yake vizuri. Jibu ndilo lililorudi nyumba ikiwa imeshahama.

Basi tukaweka dhana, zote kwa rangi nyekundu. Katika njia ya wodini, kati ya wagonjwa 100 tunawafikia 85 kwa kuzaliwa kituoni, kipimo kinatambua asilimia 98, na asilimia 55 ya familia zinapatikana tena: watoto 46 wanaanza matibabu. Katika njia ya wiki ya sita tunawafikia 92, kijiti kinatambua asilimia 97, na kwa kuwa mama anapewa jibu uso kwa uso, asilimia 75 wanafika kliniki: watoto 67. Kisha tukacheza na nambari. Tukinunua kijiti bora kinachotambua asilimia 99, tunaongeza mtoto mmoja na kidogo. Tukiacha kijiti kile kile na kupandisha wanaofika kliniki kutoka asilimia 75 hadi 85, tunaongeza karibu watoto tisa.

Kijana wa takwimu alirudia hesabu mara mbili akidhani amekosea. Wauzaji wawili wamekuwa wakigombana miezi mitatu kuhusu huyo mtoto mmoja.

Nimerudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Katika nafasi niliyoacha nimeandika: tufanye nini ili mama aliyepewa jibu arudi?

Ijumaa, 28 Machi

Kosa, na ni langu. Nilipoongeza kwenye modeli matibabu ya haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, nilitumia utafiti wa REACH, uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi kwetu kwa watoto 606. Matokeo yake ni makubwa: kwa kila miaka 100 ya watoto waliofuatiliwa, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Nilizichukua nambari zote nne na kuzipachika kila moja mahali pake. Kijana wa takwimu ndiye aliyeuliza kwa adabu: "Mwalimu, mtoto aliyeokolewa kwa kutopungukiwa damu, si ndiye yule yule tuliyemhesabu hapa chini kwenye vifo?" Ndiye. Nilikuwa nimemwokoa mtoto mmoja mara mbili, na modeli ilipendeza kwa sababu hiyo.

Tumeacha punguzo la vifo lisimame peke yake, na yale mengine yahesabiwe kwa gharama na mateso tu. Tumeandika pia udhaifu wa utafiti wenyewe: haukuwa na kundi la kulinganishwa, watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa, na walihudumiwa katika kliniki za utafiti ambako dawa haiishi rafuni. Hiyo haimaanishi dawa haifai. Inamaanisha kwamba modeli yetu isiahidi ya Kilifi kwa zahanati ambayo kipimo cha damu cha kufuatilia dawa kinapatikana Jumanne na Alhamisi tu.

Jumanne, 15 Aprili

Kikao na wasimamizi wa afya. Nilitenga dakika ishirini kwa mti wa maamuzi. Tukautumia muda wote kujadili seli moja ya lahajedwali.

Wachumi huhesabu faida ya baadaye kwa punguzo, kwa kawaida asilimia tatu kwa mwaka, kama vile shilingi ya mwaka kesho ilivyo pungufu ya shilingi ya leo. Mtoto akiokolewa akaishi miaka 60 zaidi, modeli huandika miaka 27.7. Mzee mmoja wa kamati, mhasibu mstaafu, aliikuta seli hiyo akaomba nielezwe na si nieleze, maana alikuwa na hoja yake tayari: mkopo wa benki naujua, alisema, lakini hii miaka 32 mliyokata mmempa nani?

Nilijibu kwamba gharama nazo zimekatwa kwa kiwango hicho hicho, na kwamba bila punguzo mpango wowote wa watoto utashinda mpango wowote wa wazee kwa sababu ya umri tu. Alikubali nusu. Tumeafikiana kwamba ripoti itaonyesha matokeo kwa punguzo la asilimia tatu na bila punguzo, ukurasa mmoja, ana kwa ana. Nadhani alikuwa na haki. Punguzo ni uamuzi wa kimaadili unaotembea katika nguo za hesabu, na wanaolipa kodi wana haki ya kuuona.

Hoja ya pili ilikuwa ya kizingiti: kiasi gani kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya ni nafuu? Mmoja alikuwa amesoma kwamba chochote kilicho chini ya pato la taifa kwa kila mtu ni nafuu sana, na kilicho chini ya mara tatu ya hapo ni nafuu. Kipimo hicho kilienea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia machapisho ya Shirika la Afya Duniani, na baadaye wataalamu wa shirika hilo wenyewe walionya kisitumiwe peke yake. Hakisemi kama fedha zipo, wala hakisemi ni huduma gani itaachwa ili hii ilipwe. Uingereza, ambako taasisi ya NICE, inayoshauri ni matibabu gani yalipiwe, ilianza mwaka 1999, kwa miaka mingi ilitaja pauni 20,000 hadi 30,000, lakini hayo ni mazungumzo ya nchi yenye mfuko mmoja mkubwa. Kwetu tumeamua kuuliza kwa namna ya nyumbani: fedha hizi zikitoka, zinatoka kwenye sanduku gani, na sanduku hilo lilikuwa linunue nini?

Alhamisi, 22 Mei

Wiki tano zimepita bila kuandika, nyingi zikiwa za kusubiri bei. Yafaa kueleza kwa ufupi.

Kijana ameendesha modeli mara 5,000, kila mara akibahatisha nambari zote nyekundu ndani ya mipaka tuliyoiweka, kama mtu anayerusha kete nyingi kwa mkupuo. Bei ya kijiti iliyumbisha jibu kidogo. Wingi wa jeni uliyumbisha kiasi. Kufika kliniki na kubaki kwenye dawa ndiko kulikoamua karibu kila mzunguko. Hii inatuambia pia utafiti unaofaa kulipiwa ni upi: hatuhitaji kulinganisha tena vijiti viwili, tunahitaji ile safu isiyokuwepo kwenye daftari la rufaa.

Swali la nani atalipa halijatulia. Tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika nafasi ya bima ya zamani chini ya sheria ya mwaka 2023, ikiwa na mfuko wa huduma za msingi, mfuko wa bima, na mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Mtoto wetu mmoja anagusa mifuko yote mitatu: kijiti chake ni huduma ya msingi, kulazwa kwake ni bima, na haidroksiyurea ya miaka mingi ina sura ya ugonjwa sugu. Tumeigawa gharama kwa mifuko badala ya kuijumlisha, ili kila msomaji aone mzigo wake. Jumla moja kubwa ingemfanya kila mmoja amtazame mwenzake.

Alhamisi, 19 Juni

Leo ni Siku ya Selimundu Duniani, na ni siku tuliyowasilisha ripoti, kwa kupangwa kuliko kwa bahati.

Pendekezo letu ni hili: vijiti vya papo kwa papo katika chanjo za wiki ya sita, aina yoyote kati ya zile mbili ilimradi isizidi kiwango tulichotaja cha kusingizia wazima, uthibitisho wa maabara kwa kila jibu la ugonjwa, pensilini ya vidonge vya kusagwa iwepo zahanatini ianze siku hiyo hiyo, bila kungoja uthibitisho, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya kijiti cha bei ya juu zihamishiwe kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, ili kila mtoto aliyetambuliwa awe na mtu mmoja anayejua mlango wa kwao. Haidroksiyurea tumependekeza ianzie katika hospitali zenye kipimo cha damu cha kila siku, kisha isogee.

Muuzaji mmoja aliuliza kama maana yake ni kwamba ubora wa kipimo si muhimu. Afisa wa maabara alimjibu kabla yangu, na kwa ukali kuliko ambavyo ningethubutu, kwamba aliyesoma ukurasa wa Februari asingeuliza hivyo.

Wasimamizi wamekubali kuanza na zahanati chache na kutuachia miezi sita ya kujaza nambari nyekundu. Sista alidai kitu kimoja tu: muhuri wa kugonga kwenye kitabu cha mama na mtoto, usiotaja jina la ugonjwa, kwa sababu kitabu hicho hupita mikononi mwa wengi. Fundi wa mihuri mjini ametengeneza wenye herufi moja, tarehe ya kurudi, na mistari miwili ya nambari za simu yenye visanduku kumi kila mmoja. Daftari jipya la rufaa lina safu ya kufika. Sampuli za kuthibitisha zitapelekwa kila Ijumaa kwa matatu ya saa nne, na risiti ya nauli itabandikwa katika daftari la maabara.